Kutafuta Istilahi na Visawe Katika Ontolojia za Tiba na Biolojia

Dawa ileile ya kutuliza maumivu na kushusha homa huitwa parasetamoli katika nchi nyingi, na huitwa asetaminofeni nchini Marekani. Ukiitafuta katika ChEBI, ontolojia ya kemikali inayotunzwa na Taasisi ya Bioinformatiki ya Ulaya, utaikuta chini ya jina la kwanza ikiwa na kitambulisho CHEBI:46195. Ukiitafuta katika MeSH, msamiati wa Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, jina kuu ni lile la pili na kitambulisho ni D000082. Pande zote mbili ziko sahihi. Mtafiti anayekusanya data kwa kufuata jina moja tu, katika mfumo usiojua visawe, ataacha nje sehemu ya alichokuwa anakihitaji bila kuonywa na yeyote, kwa sababu mfumo utamrudishia matokeo, na matokeo yasiyo tupu ni rahisi kuyachukulia kuwa matokeo kamili.

Ontolojia zimeundwa kwa sehemu kubwa ili kuzuia upotevu wa namna hiyo. Ontolojia ni mfumo wa dhana, na kila dhana ndani yake ina vitu vitano vinavyomhusu mtafutaji: kitambulisho, jina kuu, fasili, orodha ya visawe, na mahusiano yake na dhana nyingine, hasa uhusiano wa aina na jumla yake. Jina kuu linaweza kurekebishwa wakati wowote wataalamu wakikubaliana, lakini kitambulisho hubaki, na hata dhana ikifutwa kitambulisho chake hakipewi dhana nyingine. Gene Ontology, iliyoanzishwa mwaka 1998, hueleza kazi za jeni na mahali zinapofanyikia ndani ya seli. Human Phenotype Ontology, iliyotokea mwaka 2008, hueleza dalili na kasoro zinazoonekana kwa wagonjwa. Mondo hukusanya magonjwa kutoka vyanzo mbalimbali. SNOMED CT, iliyozaliwa mwaka 2002 kwa kuunganisha mfumo wa Marekani na wa Uingereza, ina dhana zaidi ya 350,000 kwa ajili ya rekodi za wagonjwa.

Kwa hiyo visawe vimo, tena kwa wingi. Kinachowaangusha watafutaji ni dhana waliyokuja nayo kwamba kisawe ndani ya ontolojia ni neno lolote linaloweza kukaa mahali pa jina kuu bila kubadili maana. Sivyo. Katika ontolojia nyingi za biolojia kila kisawe hubeba alama ya upeo wake, na upeo ni wa namna nne. Kisawe kamili kina maana ileile ya dhana. Kisawe kipana kina maana inayozidi dhana na kuchukua mambo mengine pia. Kisawe finyu kinataja sehemu tu ya dhana. Kisawe cha uhusiano kinaikaribia dhana kwa njia isiyoingia vizuri katika yale matatu ya kwanza. Aina tatu kati ya hizo nne, kwa maneno mengine, si visawe kwa maana tuliyofundishwa shuleni. Ni majina ambayo mtu anaweza kuyaandika akiwa anaitafuta dhana hiyo, na watunzaji wameyaweka hapo ili asirudi mikono mitupu.

Tuitazame dhana moja kwa karibu. Katika Gene Ontology, GO:0006915 ni mchakato wa seli kujiua kwa utaratibu maalumu, unaoanza seli inapopokea ishara, iwe ya ndani, kama vile uharibifu wa DNA, au ya nje, na kuendelea kupitia mfululizo wa matukio ya kibiokemia mpaka hatua ya utekelezaji. Jina kuu la sasa ni "apoptotic process". Wanabiolojia wengi hawasemi hivyo. Wao husema "apoptosis" tu, na neno hilo limo katika orodha ya visawe vya dhana hii, ila limeandikwa kuwa kisawe finyu. Msomaji anaweza kushangaa, kwani ndilo jina linalotumika zaidi. Fasili ndiyo inayoondoa mshangao: dhana hii inachukua safari nzima tangu ishara ya kwanza, ilhali wengi wanaotumia neno hilo fupi huwa wanazungumzia hatua ya mwisho, pale seli inapovunjwavunjwa. Katika orodha hiyohiyo yumo "cell suicide", yaani kujiua kwa seli, na huyu amewekwa kuwa kisawe kipana, kwa kuwa seli inaweza kujiua kwa njia nyingine zisizo hii. Anayeandika programu ya kukusanya makala kwa kutumia visawe vyote bila kuangalia upeo wao ataleta pamoja kilicho chembamba mno na kilicho kipana mno, kisha atashangaa kwa nini hesabu zake hazitulii.

Misamiati mingine haina alama hizo kabisa, na hapo mtafutaji hubaki na busara yake. MeSH ina kile kinachoitwa maneno ya kuingilia, yaani maneno yanayompeleka mtu kwenye kichwa rasmi. Chini ya kichwa "Neoplasms" yamo maneno ya saratani, ya uvimbe na hata ya uvimbe usio hatari, yote kwa pamoja. Kwa daktari anayempa mgonjwa majibu, tofauti kati ya saratani na uvimbe usio hatari ndiyo habari yenyewe. Kwa mkutubi anayepanga makala, kuwaelekeza wote kwenye kabati moja ni jambo la maana, maana ndani ya kabati hilo kuna matawi yatakayowatenganisha. Mimi sioni kosa hapo. Kosa ni la yule anayechukua maneno ya kuingilia ya MeSH na kuyatumia kama kamusi ya visawe katika kazi nyingine.

Magonjwa nayo hubadilishwa majina, na si kila badiliko la jina huzaa kisawe kamili. Tarehe 28 Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza jina "mpox" lichukue nafasi ya jina la zamani lililokuwa likitaja nyani, na majina yote mawili yaruhusiwe kwa kipindi cha mwaka mmoja. Ugonjwa haukubadilika hata kidogo, hivyo jina la zamani ni kisawe kamili cha jipya, na utafutaji wowote wa maana lazima uyashike yote mawili, kwa sababu makala za miaka mingi zimeandikwa kwa jina la kwanza. Mwaka 2023 ugonjwa wa ini lenye mafuta usiotokana na pombe ulibadilishwa jina pia, kutoka kifupisho NAFLD kwenda MASLD, lakini safari hii vigezo navyo viliguswa: jina jipya linadai mgonjwa awe na angalau kihatarishi kimoja cha moyo na umetaboli, kama vile uzito uliozidi au sukari iliyopanda. Wagonjwa wengi wanaingia katika makundi yote mawili, lakini si wote. Mtunzaji wa ontolojia anayeandika kwamba hivi viwili ni kisawe kamili anafuta tofauti iliyowekwa kwa makusudi, na mtafutaji anayeamini hivyo ataunganisha takwimu za makundi yasiyolingana.

Jitihada kubwa kuliko zote za kukusanya visawe ni UMLS, mradi ulioanzishwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani mwaka 1986, ambao leo una dhana zaidi ya milioni 3 kutoka misamiati mingi. Namna unavyopanga majina inafaa kuangaliwa, kwa kuwa inaonyesha ngazi ambazo mtafutaji huzichanganya. Chukua hali ya vyumba vya juu vya moyo kupapatika badala ya kudunda kwa mpangilio. Dhana yenyewe ni C0004238. Chini yake kuna makundi ya kileksika: "Atrial Fibrillation" na wingi wake "Atrial Fibrillations" ni kundi moja, kwa kuwa tofauti yao ni ya kisarufi tu, "Auricular Fibrillation" na wingi wake ni kundi jingine, kwa kuwa neno lenyewe ni tofauti. Chini ya kila kundi kuna maandishi kama yalivyo, herufi kwa herufi, na kila andishi lina kitambulisho chake. Ngazi ya chini kabisa ni atomu, yaani andishi fulani kama lilivyokuja kutoka msamiati fulani, hivi kwamba andishi lilelile likitoka katika misamiati miwili huhesabiwa kuwa atomu mbili. Faida yake ni kwamba hakuna chanzo kinachopoteza sauti yake: unaweza kuuliza ni nani hasa anayesema kwamba neno hili ni jina la dhana hii, ukajibiwa.

Sasa twende kwenye kisanduku cha kutafutia. Mifumo inayotumiwa sana kutafuta katika ontolojia nyingi kwa pamoja ni Ontology Lookup Service ya Taasisi ya Bioinformatiki ya Ulaya na BioPortal ya Chuo Kikuu cha Stanford, yenye ontolojia zaidi ya 1,000. Kwa kawaida mfumo wa namna hii hukata maneno uliyoandika vipande, huyafanya yote kuwa herufi ndogo, kisha huyalinganisha na faharasa ya majina na visawe, na kuyapanga matokeo kwa alama. Neno linalolingana na jina kuu zima hupandishwa juu. Linalogusa kisawe hufuata. Linaloonekana ndani ya fasili pekee huja nyuma. Mpangilio huo ni wa kitakwimu, haujui tiba. Hebu fikiria orodha ya magonjwa kwa Kiswahili, mtu akaandika "homa" peke yake: yatakuja homa ya ini, homa ya manjano, homa ya matumbo na homa ya dengi, wakati alichokitaka ni kupanda kwa joto la mwili tu, dalili isiyo na jina la ziada. Ndivyo inavyotokea katika lugha yoyote, na tiba yake ni kuchuja kwa aina ya dhana kabla ya kusoma orodha. SNOMED CT imelirahisisha hili kwa kuipa kila dhana jina refu lenye lebo ya aina mwishoni, inayosema kama hiki ni ugonjwa, dalili, upasuaji au kiungo cha mwili.

Tahajia ni mtego mwingine. Uingereza huandika "oedema" na "haemoglobin", Marekani huandika "edema" na "hemoglobin", na kwa kuwa mifumo mingi hukamilisha neno kuanzia herufi ya kwanza, anayeanza na "o" hatakutana na aliyeanza na "e" isipokuwa kisawe kimewekwa. SNOMED CT hulitatua kwa kuweka mapendeleo ya kila lahaja: dhana 80146002, yaani kuondolewa kwa kidole tumbo, ina jina linalopendelewa Marekani na jingine linalopendelewa Uingereza, yote yakielekea kitambulisho kimoja. Wengine hutegemea ulinganishaji wa kukadiria, unaovumilia herufi chache zilizokosewa. Mimi naushuku sana utaratibu huo katika tiba. Lucene, maktaba ya programu iliyo chini ya injini nyingi za utafutaji, huruhusu tofauti ya herufi mbili kwa ukomo. Tofauti kati ya "hypotension" na "hypertension", yaani shinikizo la chini la damu na shinikizo la juu, ni mabadiliko mawili tu: herufi moja inabadilishwa, nyingine inaongezwa. Mfumo uliokusudiwa kusamehe makosa ya kuandika unaweza basi kukupa kinyume cha ulichouliza, tena kikiwa juu katika orodha kwa sababu kimetumika mara nyingi zaidi.

Vifupisho ni balaa la peke yake. "MS" inaweza kuwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaoharibu utando wa neva, kuwa kufinyika kwa vali ya moyo, au kuwa mofini salfeti. Hakuna orodha ya visawe itakayoamua. Kinachoamua ni sentensi iliyozunguka kifupisho, au idara ya hospitali ambako rekodi iliandikwa. Kwa jeni hali ni ngumu zaidi, kwani alama za jeni ni fupi na baadhi yake hufanana na maneno ya kawaida. Kamati inayopanga majina ya jeni za binadamu ililazimika kubadili alama kadhaa, na mwongozo wake wa mwaka 2020 ulilitaja jambo hilo, kwa sababu alama kama SEPT1 na MARCH1 zilikuwa zikigeuzwa kuwa tarehe na programu za majedwali. Leo zinaandikwa SEPTIN1 na MARCHF1. Kamati hiyo hutenganisha alama ya zamani iliyowahi kuwa rasmi na lakabu isiyowahi kuwa rasmi, na mtafutaji makini huheshimu mgawanyo huo, kwa kuwa lakabu moja inaweza kudaiwa na jeni zaidi ya moja.

Kufikia hapa inafaa kutenganisha kazi mbili ambazo watu huziita kwa jina moja la kutafuta. Kazi ya kwanza ni kupata dhana moja sahihi ya kuwekea data alama. Ya pili ni kukusanya kila kitu kilichokwisha kuwekewa alama ya dhana fulani. Ya kwanza inataka usahihi: visawe kamili vitangulie, na binadamu aamue. Ya pili inataka ukamilifu: visawe vipanuliwe, na pamoja navyo watoto wote wa dhana, yaani dhana zilizo chini yake katika ngazi. PubMed, hifadhidata ya makala za tiba na biolojia, hufanya upanuzi huu yenyewe. Ukiandika jina la kawaida la mshtuko wa moyo kwa Kiingereza, mfumo huongeza kichwa cha MeSH "Myocardial Infarction" na vyote vilivyo chini yake. Lakini ukifunga maneno yako kwa alama za nukuu, au ukimalizia neno kwa kinyota, tafsiri hiyo ya kujiendesha huzimika na unabaki na maandishi tu. Wengi hufunga maneno kwa nukuu wakidhani wanaongeza ubora, kumbe wameizima ontolojia.

Upanuzi una hatari yake, na hatari hiyo iko katika aina ya uhusiano unaoufuata. Turudi kwa GO:0006915. Ukifuata uhusiano wa aina, unapata namna mahususi za seli kujiua, na hilo ni salama. Ukifuata pia uhusiano wa udhibiti, unafika kwenye dhana GO:0043066, ambayo ni kuzuiwa kwa mchakato huohuo, na jeni kama BCL2, maarufu kwa kuikinga seli isife, zitaingia katika orodha uliyoiita jeni zinazoua seli. Kwa swali pana la nani anahusika na mchakato huu, orodha hiyo ni halali; kwa swali finyu, imeharibika. Mtafutaji anatakiwa kujua amebonyeza uhusiano gani, na mifumo mingi haimwambii waziwazi.

Mpaka kati ya dalili na ugonjwa nao unasumbua. Degedege ni tukio, na katika Human Phenotype Ontology lina dhana HP:0001250. Kifafa ni ugonjwa, na katika Mondo kina MONDO:0005027. Mtoto mwenye homa kali anaweza kupata degedege bila kuwa na kifafa. Ontolojia ya dalili na ontolojia ya magonjwa zikiwekwa katika kisanduku kimoja cha kutafutia, matokeo yao hukaa bega kwa bega, na mwenye haraka huchukua la kwanza. Kanuni ninayoishika ni kuamua kwanza ni ontolojia gani inayofaa kwa safu ya data ninayoijaza, kisha kutafuta ndani yake peke yake.

Mwaka 2018 Human Phenotype Ontology ilitangaza kazi ya kuongeza visawe vya lugha ya kawaida, vile ambavyo mgonjwa mwenyewe angetumia, vikiwa na alama inayovitenga na vya kitaalamu. Alama hiyo huruhusu fomu ya mgonjwa na ripoti ya daktari zikutane katika kitambulisho kimoja, kila upande ukiona jina lake. Ni hatua ndogo kiufundi, lakini naiona kuwa miongoni mwa zilizofanywa kwa hekima zaidi katika uwanja huu.

Siku hizi kuna pia mifano ya lugha, yaani programu zilizofunzwa kwa maandishi, inayogeuza jina kuwa vekta, yaani safu ya namba, na kulinganisha maana badala ya herufi. SapBERT, iliyochapishwa mwaka 2021, ilifunzwa kwa visawe vya UMLS ili majina ya dhana moja yakae karibu. Mifano hii husaidia sana pale ambapo jina la mgonjwa na jina la ontolojia havishiriki hata neno moja. Hata hivyo nguvu yake imetoka kwenye visawe vilevile vilivyoandikwa na watu, na pale ambapo maneno kinyume hutokea katika mazingira yanayofanana, kama sukari iliyopanda na sukari iliyoshuka, ukaribu wa vekta si ushahidi wa kutosha. Inafaa kwa kuleta wateule kumi wa kuchunguzwa. Haifai kuachiwa iteue.

Uchunguzi wenyewe hauchukui muda. Soma fasili, usiishie kwenye jina. Panda kwa wazazi wa dhana uone kama ukoo huo ndio uliotarajia. Nimonia, kwa mfano, katika MeSH iko chini ya magonjwa ya maambukizi na pia chini ya magonjwa ya mfumo wa upumuaji, na hilo ni sahihi. Angalia kama dhana imefutwa. Iliyofutwa kwa kawaida hubaki ikionekana, ikiwa na maelekezo ya namna mbili: ama inataja moja kwa moja kitambulisho kilichochukua nafasi yake, ambacho programu inaweza kukifuata bila kuuliza, ama inapendekeza dhana za kufikiriwa, ambazo lazima mtu azisome na kuchagua. Kuzichukulia namna hizi mbili kuwa sawa ni chanzo cha makosa ya kimyakimya data ya zamani inapohamishwa.

Katika kumbukumbu za kazi, andika kitambulisho, jina kama lilivyokuwa siku hiyo, na toleo la ontolojia, kwa kuwa upeo wa kisawe unaweza kurekebishwa kutoka toleo moja hadi jingine. Ukigundua kisawe kinachokosekana, Gene Ontology, Human Phenotype Ontology na Mondo hupokea maombi hadharani kupitia GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kushirikiana kazi za programu. Ombi linaloshughulikiwa upesi ni lile linalotaja kitambulisho cha dhana, neno linalopendekezwa, upeo wake kati ya zile namna nne, na makala ambamo neno hilo limetumika kwa maana hiyo.